Nyumba ya Kampemba iliyoandikwa kwa jina la pasta: ni msingi gani wa sheria unaoirudisha?

Mama mjane wa miaka 63, mkazi wa komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, alimpa pasta wake nyumba aliyoishi na marehemu mume wake, mfanyakazi wa zamani wa Gécamines. Hati ya hiba iliandikwa Agosti 2024. Novemba mwaka huohuo sertifika mpya (hati ya uandikishaji wa ardhi) ikatoka, kwa jina la pasta mwenyewe wala si la kanisa. Watoto 5 walijua Juni 2025, baada ya wapangaji wa vyumba vya nyuma kumpigia simu mkubwa wao kumuuliza kwa nini sasa kodi inachukuliwa na Mama Pasta, yaani mke wa pasta. Kisa hiki tumekijenga kutokana na mambo yanayojirudia katika migogoro ya aina hii; hakuna familia halisi nyuma yake.

Mambo mengine ya kujua ni haya. Ndoa ilifungwa komini mwaka 1990, na wanandoa hawakuchagua utaratibu wowote wa mali. Parseli, yaani kiwanja cha nyumba, ilinunuliwa mwaka 1996, sertifika ikawa kwa jina la mume. Mume alifariki 2019 bila wosia. Mama yake mzazi yuko hai, pamoja na ndugu zake 2. Mjane alijiunga na chumba cha maombi mwaka 2021, akiwa na ugonjwa wa presha na kijana wake wa tatu akiwa ametoka kwenye ajali ya pikipiki. Kwa miezi 9 alituma dola 300 kila mwezi kwa simu kama "mbegu", kisha akatoa dola 1,500 taslimu za kuvunja laana. Februari 2024, kwa msaada wa katibu wa kanisa, alipata amri ya rais wa tribunali (mahakama) ya kumweka peke yake katika nafasi ya marehemu, na sertifika ikahamia kwake. Miezi 6 baadaye akaihamishia kwa pasta. Thamani ya nyumba tunaiweka dola 40,000.

Maneno yaliyotumika yamo kwenye sauti za WhatsApp ambazo pasta alimtumia mama, na mama hakuzifuta. Moja inasema: "Mama, hii nyumba iko na damu ya baba. Ukibakia nayo, huu mwaka hauishi bila kuzika mtoto." Nyingine, ya siku 3 baadaye: "Usiambie watoto, wako na roho ya kupinga. Wewe utakaa hapa mpaka Bwana akuite." Mwezi wa nne 2025 mama alihamishwa kutoka chumba chake hadi kimoja cha nyuma, na sebule ikageuzwa mahali pa ibada. Hapo akaacha kwenda kanisani.

Kila anayesikia kisa hiki hukimbilia kusema kwamba mama alirogwa akili, kwa hiyo hiba ivunjwe. Hisia hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini shauri lililojengwa juu ya ushawishi peke yake lina nafasi kubwa ya kuanguka, ilhali ndani ya faili hilohilo kuna msingi mwingine mgumu zaidi ambao familia nyingi hazijui kama zinao. Tuanze na huo.

Nyumba ilikuwa ya nani

Ndoa ya 1990 iko chini ya Sheria ya Familia ya Kongo, yaani sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987. Wanandoa wasipochagua, sheria huwaweka katika ushirika wa mali zilizochumwa ndani ya ndoa. Parseli ya 1996 ilichumwa ndani ya ndoa, hata kama karatasi ilimtaja baba peke yake. Kifo cha mume kinapotokea, kitu cha kwanza ni kuugawa ushirika: nusu ni ya mjane kwa haki yake mwenyewe, nusu inaingia katika urithi. Dola 20,000 kwa 20,000.

Nusu ya urithi inagawanywa tena. Watoto, ambao ni kundi la kwanza la warithi, huchukua robo tatu, yaani 15,000. Kwa watoto 5 ni 3,000 kila mmoja. Robo inayobaki huenda kwa kundi la pili, lenye mafungu matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Mafungu yote matatu yakiwepo, kila moja hupata sehemu moja ya kumi na mbili ya urithi, kama dola 1,667. Ukijumlisha, mama ana 21,667 kati ya 40,000. Ana pia haki ya kuendelea kuishi katika nyumba waliyokaa na mumewe na kutumia vyombo vyake, lakini haki ya kutumia haimpi mtu uwezo wa kugawa.

Maana yake ni kwamba hata kama mama angekuwa na akili timamu kuliko sisi sote, hata kama angetoa kwa moyo mweupe mbele ya kanisa zima, sehemu ya dola 18,333 haikuwa yake kuitoa. Kwa sehemu hiyo watoto, bibi yao na ndugu wa marehemu hawahitaji kuthibitisha ushawishi, hofu wala hila. Wanahitaji vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha kifo, na tarehe ya ununuzi wa parseli. Hapa ndipo avoka (wakili) mzoefu hutumia siku zake za kwanza, si kwenye sauti za WhatsApp.

Pasta atajibu kwamba aliikuta sertifika yenye jina la mama peke yake, na sertifika ya uandikishaji ndiyo ushahidi kamili wa haki ya ardhi. Jibu hilo lina uzito. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 imeipa sertifika nguvu kubwa, na haki iliyoingia kwa njia ya amri ya kumweka mrithi inakuwa ngumu kushambuliwa baada ya miaka 2. Ukichelewa unabaki kudai fidia ya pesa. Ndiyo maana kalenda ya kisa hiki ni ya hatari. Miaka 2 ya sertifika ya mama inaisha Februari 2026, kabla ya ile ya pasta ya Novemba 2026. Familia iliyojua Juni 2025 ina takriban miezi 8, na nusu yake inaweza kuliwa na vikao vya ukoo. Anayehesabu kuanzia sertifika ya pasta anajidanganya: mnyororo unakatwa kwenye pete ya kwanza.

Pete hiyo ya kwanza ina ufa. Amri ya kumweka mjane peke yake ilitolewa juu ya karatasi ya baraza la familia iliyosema warithi wote wamemwachia mama. Watoto 2 walikuwa Kolwezi siku hiyo, mmoja Kitwe nchini Zambia, na sahihi zao zimo. Kijana wa kwanza atataka kufungua mashtaka ya kughushi kesho yake asubuhi. Tunashauri atulie kidogo. Karatasi ile aliipeleka mama, na mshtakiwa wa kwanza ambaye mwendesha mashtaka atamwita anaweza kuwa mama mwenyewe. Katika shauri la madai inatosha kuonyesha kwamba watoto hawakuwepo na hawakusaini, kwa pasipoti yenye muhuri wa mpaka wa Kasumbalesa, kwa orodha ya kazini, kwa sahihi zao za kweli kwenye kadi ya mpiga kura. Lengo ni kuangusha amri bila kumtafutia mzazi kifungo.

Ridhaa ya mama: hila au vitisho?

Inabaki sehemu ya mama, 21,667. Hii ilikuwa yake kweli, na ni yeye tu anayeweza kuidai. Ubatili unaotokana na ridhaa yenye kasoro umewekwa kumlinda aliyeridhia. Watoto hawawezi kumsemea akiwa hai, akitembea na kusaini. Mama angekuwa bado anasali kwa pasta na kusema ametoa kwa furaha, shauri la watoto lingeishia kwenye 18,333. Katika kisa chetu amebadili msimamo, hivyo jina lake linatangulia kwenye orodha ya wadai.

Sheria ya Kongo haina kifungu kinachoitwa ushawishi usiofaa. Ina Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Madai, dekre ya tarehe 30 Julai 1888. Ibara ya 8 inataka ridhaa, uwezo, kitu halisi na sababu halali. Ibara ya 9 inasema hakuna ridhaa halali ikiwa imetolewa kwa kukosea, ikiwa imenyang'anywa kwa vitisho, au ikiwa imepatikana kwa hila. Milango ni hiyo mitatu, na kisa cha pasta na mjane lazima kipite katika mmoja wapo. Vijana wengi wa sheria huja na ibara ya 1143 ya Ufaransa, inayoita vitisho kitendo cha kutumia vibaya hali ya utegemezi wa mtu. Ibara hiyo ilizaliwa na mageuzi ya Ufaransa ya mwaka 2016. Haiko kwenye dekre ya 1888, na avoka wa upande wa pili atalisema hilo kwa tabasamu.

Hila, ibara ya 16, inataka ujanja uliofanywa na upande mmoja wa mkataba, mkubwa kiasi kwamba ni wazi bila ujanja huo mwenzake asingekubali. Haikisiwi, inathibitishwa. Kutabiri tu hakutoshi: hakimu hatajiingiza kupima kama Mungu alisema au hakusema. Kinachoweza kupimwa ni yaliyozunguka utabiri. Ikiwa "ufunuo" kuhusu ajali ya kijana ulitokana na habari ambazo jirani wa mama alimpa pasta, na jirani yuko tayari kusema hivyo, huo ni ujanja. Ikiwa shahidi aliyesimama kanisani kusema aliponywa baada ya kutoa nyumba hakuwahi kuwa na nyumba, huo ni ujanja. Mambo ya namna hii ndiyo ya kuyachimba, moja moja, na mtu wa kuyasema mbele ya hakimu akiwa na jina na anwani.

Kuna mtego katika neno "upande mmoja wa mkataba". Tuseme aliyetoa unabii ni mtumishi mwingine, na nyumba imeandikwa kwa pasta. Kwa kanuni, hila ya mtu wa tatu haivunji mkataba. Mahakama za Ufaransa zimelegeza kanuni hiyo kwa zawadi, kwa hoja kwamba moyo wa kutoa ukiwa umechafuliwa umechafuliwa, haijalishi nani aliuchafua. Hoja hiyo unaweza kuitumia hapa kama hoja, si kama sheria. Vitisho ni tofauti: ibara ya 11 inakubali vitisho hata vikitoka kwa mtu ambaye hakunufaika. Kwa hiyo swali la nani alisema nini lijibiwe kabla ya kuchagua mlango.

Vitisho vinapimwa kwa ibara ya 12: viwe vya kumtia mtu mwenye busara hofu ya madhara makubwa na ya karibu, kwa yeye au kwa mali yake, huku umri, jinsia na hali ya mtu vikiangaliwa. Ibara ya 13 inaongeza kwamba tishio dhidi ya mtoto wa mtu linahesabika. Ile sauti ya "huu mwaka hauishi bila kuzika mtoto" imekaa sawasawa ndani ya ibara hizi mbili: madhara ni kifo, muda ni mwaka huu, mlengwa ni mtoto, na msikilizaji ni mama mgonjwa wa presha ambaye mtoto wake amenusurika juzi. Kwa maoni yetu mlango wa vitisho una nguvu kuliko wa hila katika faili hili, ingawa wengi huanza na hila kwa sababu neno "mwongo" linatoka haraka mdomoni.

Utetezi utakuja na ibara ya 14: hofu ya heshima peke yake, kwa baba, mama au mzazi mwingine wa juu, haitoshi kuvunja mkataba. Watasema pasta ni baba wa kiroho, na mama alimheshimu tu. Jibu liko ndani ya ibara yenyewe, kwamba inazungumzia heshima bila vitisho vilivyotendeka. Hapa kitisho kimetamkwa, kimerekodiwa, na kina tarehe.

Wenzetu wa sheria ya Uingereza wanavyolitazama

Inafaa kutazama upande wa pili, maana huko msingi wenyewe umejadiliwa kwa muda mrefu na kisa chao mashuhuri kinafanana na chetu kwa namna ya kushangaza. Katika Allcard dhidi ya Skinner, kilichoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1887, mwanamke mmoja aliingia jumuiya ya masista wa Kianglikana mwaka 1871, akaweka nadhiri ya umaskini na utii, akakabidhi mali ya karibu pauni 7,000. Kanuni ya nyumba ilimkataza sista kutafuta ushauri nje bila ruhusa ya mkuu. Alitoka 1879 na kudai mwaka 1885 hisa za pauni 1,671 zilizokuwa bado mikononi mwa mkuu wa jumuiya.

Mahakama ilikubali kwamba uhusiano wa namna ile, pamoja na kukosa ushauri huru, unazaa dhana ya ushawishi, na mzigo unamwangukia mpokeaji kuonyesha kwamba mtoaji aliamua kwa uhuru. Hakuna aliyesema mkuu wa masista alidanganya. Hata hivyo dada yule alishindwa, kwa sababu alikaa miaka 6 baada ya kutoka, akiwa na wanasheria wa kumshauri, bila kudai. Mwaka 2001, katika kesi ya Etridge, Baraza la Mabwana, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya huko, liliweka wazi zaidi: ukionyesha uhusiano wa kuaminiana na muamala unaohitaji maelezo, ushahidi wako unatosha kumfanya mwenzako ajieleze. Zawadi ndogo za kawaida hazihitaji maelezo; nyumba nzima inahitaji.

Kongo hakuna dhana hiyo ya kuhamisha mzigo. Mdai anabeba ushahidi wake hadi mwisho. Lakini mambo ambayo jaji wa London angeyatafuta ndiyo hayohayo yanayomshawishi hakimu wa Lubumbashi kwamba kitisho kilifanya kazi: mama alikatazwa kuongea na watoto, hakuwa na mshauri wake, aliyeandaa karatasi alikuwa katibu wa mpokeaji, na alitoa paa pekee alilonalo. "Usiambie watoto" ni ndugu wa kanuni ya masista wa 1871. Yaandike mambo haya kama matukio yenye tarehe, bila kuyapa jina la kigeni.

Somo la kuchelewa nalo ni la hapa. Ibara ya 15 inamfungia mlango mtu ambaye, baada ya vitisho kukoma, ameuidhinisha mkataba kwa kauli au kwa vitendo. Mama aliacha kanisa Aprili 2025. Tangu hapo kila kitendo chake kinasomwa: akisaini karatasi ya kupokea chumba cha nyuma "kwa shukrani", akipeleka sadaka tena, akikaa kimya mwaka mzima. Barua ya avoka wa mama kwenda kwa pasta, yenye tarehe na saini ya kupokelewa, hata ikigharimu kiasi gani, ndiyo karatasi ya bei nafuu kuliko zote katika faili.

Hati ya hiba yenyewe

Hiba ya nyumba inahitaji hati rasmi, mbele ya noteri au mbele ya konservatere wa hati za ardhi, na mpokeaji lazima akubali. Omba nakala, usitegemee picha ya simu. Ukiipata, angalia lugha. Hati nyingi za Lubumbashi ni Kifaransa kitupu, na mama huyu anasoma Kiswahili cha Biblia tu. Je, imeandikwa kwamba alisomewa na kutafsiriwa? Na nani? Ikiwa mtafsiri ni katibu wa kanisa, hoja ya kukosa ushauri huru inapata mwili. Jihadhari na jambo moja: yale noteri anayosema ameyaona na kuyasikia mwenyewe hayapingwi kwa maneno matupu, yanahitaji utaratibu mzito wa kudai hati ni ya kughushi. Lakini ukweli wa kilichomo moyoni mwa mtoaji noteri hakuuona, na huo unapingwa kwa ushahidi wa kawaida.

Ahadi ya "utakaa hapa mpaka Bwana akuite" haimo kwenye hati. Ingekuwemo, mama angeweza kuomba hiba itenguliwe kwa sababu mpokeaji hakutimiza sharti. Nje ya hati inabaki kuwa kipande cha ushahidi wa namna alivyoshawishiwa. Kutengua kwa sababu ya utovu wa shukrani nako kupo katika sheria ya hiba, lakini kuhamishwa chumba ni ushahidi mwembamba. Tungeliweka ombi hilo mwisho kabisa au tusiliweke.

Je, polisi?

Ibara ya 98 ya Sheria ya Adhabu inamwadhibu, kwa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5 pamoja na faini, anayejipatia mali ya mtu kwa ujanja wa kumfanya aamini uwezo wa kubuni, au kumtia tumaini au hofu ya tukio lisilo na msingi. Ukisoma maneno hayo utafikiri yaliandikwa kwa ajili ya chumba hicho cha maombi. Kwa dola 4,200 za mbegu na laana, njia hii inafaa, na mama anaweza kudai pesa zake humohumo kama mwathirika. Ubaya wake ni mmoja: shauri la jinai likifunguliwa juu ya tukio lilelile, la madai linasimama kusubiri. Huku Februari 2026 ikikaribia, kusimama ni hasara. Tungefungua kwanza la nyumba, kisha tuamue kuhusu jinai, tukiitenga kwenye pesa peke yake.

Mpangilio wa kazi

Kazi ya kwanza ni kuzuia uuzaji. Siku nyumba ikiuzwa kwa mtu aliyelipa na kupewa sertifika yake, mazungumzo yote ya kurudisha nyumba yanageuka mazungumzo ya fidia. Barua ya pingamizi iende kwa konservatere, ipokelewe kwa muhuri, na shauri lifuate upesi, maana barua peke yake haimshikilii milele. Wapangaji wapewe taarifa ya maandishi pia. Angalau mnunuzi atakayekuja kuona nyumba atasikia habari kutoka kwao.

Pili, sifa ya kudai. Urithi wa baba haujawahi kufunguliwa rasmi, na mtoto anayekuja mahakamani "kwa niaba ya familia" hurudishwa mlangoni. Sheria inamtaja mkubwa wa warithi, au yule waliyemchagua, kuwa msimamizi wa mirathi. Mjini humwita likidatere. Kikao cha kweli kifanyike, kila mrithi asaini au atume idhini iliyothibitishwa kutoka alipo, na uteuzi ukathibitishwe na tribunali. Watoto wakifanya kikao cha juujuu watakuwa wamerudia kosa lilelile wanalomlaumu katibu wa kanisa.

Tatu, mahakama ipi. Sheria ya mahakama ya tarehe 11 Aprili 2013 inaweka migogoro ya urithi na hiba kwenye tribunali ya amani. Kufutwa kwa sertifika na kumshitaki konservatere kunavuta kwenye tribunali kuu. Ukikosea, unapoteza miezi kwa hoja ya uwezo wa mahakama kabla hakimu hajafungua ukurasa wa pili. Kwa kuwa ombi kuu hapa ni sertifika 2 zifutwe, tungeenda tribunali kuu, na hati ya wito ieleze hivyo tangu mstari wa kwanza. Waitwe pasta binafsi, kanisa ikiwa lina utu wa kisheria chini ya sheria ya 20 Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyo ya faida, na konservatere. Kati ya kupokelewa wito na siku ya kufika mbele ya mahakama ziwe siku 8 kamili, siku ya kupokea na ya kufika hazihesabiwi.

Kinachorudi, na hesabu yake

Ubatili ukitamkwa, mambo hurudi yalivyokuwa. Nyumba inarudi yenyewe kwa sababu bado ipo. Kodi inategemea nia ya mpokeaji: aliyepokea kwa nia njema hubaki na matunda, aliyejua kasoro hurudisha tangu siku aliyopokea. Pasta ndiye aliyetamka kitisho, kwa hiyo hawezi kusema hakujua. Vyumba 3 kwa dola 50 kwa miezi 12, kuanzia Novemba 2024, ni 1,800.

Pasta naye ana chake. Hata mwenye nia mbaya hulipwa gharama za lazima na za manufaa za kutunza kitu. Alibadilisha bati 30 zilizokuwa zikivuja, dola 11 kila moja, na fundi 120: jumla 450. Hizo zinakatwa, zinabaki 1,350. Jukwaa la mbao na vigae vya sebuleni, alivyoviweka kwa ajili ya ibada, atavidai kwa nguvu. Jukwaa halina manufaa kwa nyumba ya kuishi, vigae vinaweza kubishaniwa, na tungekuwa tayari kuviachia katika maelewano ili asipate sababu ya kuomba mtaalamu wa kupima na kuchelewesha miezi.

Pesa taslimu ni ngumu zaidi. Dola 2,700 zina historia kwenye simu, na kampuni ya simu hutoa orodha ya miamala kwa mwenye namba. Dola 1,500 hazina karatasi. Zinahitaji shahidi aliyeona zikitolewa, au ile sauti ambayo pasta anashukuru "mbegu kubwa". Fungu la kumi na sadaka za Jumapili tusizidai kabisa. Mama alizitoa miaka yote, angezitoa kwa pasta yeyote, na kuziingiza kwenye hesabu kunamfanya hakimu aone familia inayotaka kufilisi kanisa badala ya mjane anayetaka nyumba yake.

Maombi kwenye hati ya wito yapangwe kwa ngazi. Kwanza, amri ya Februari 2024 na sertifika ya mama zifutwe kwa sehemu iliyowahusu warithi wengine, na hiba isiwe na nguvu juu ya sehemu hiyo. Pili, kwa sehemu ya mama, hiba ibatilishwe kwa vitisho, na hila ikiwa hakimu hataona vitisho. Tatu, sertifika ya Novemba 2024 ifutwe na mpya iandikwe kwa majina ya mjane na warithi kwa sehemu zao. Nne, 1,350 za kodi na 4,200 za pesa zirudishwe, pamoja na fidia chini ya ibara ya 258 ya Kitabu cha Tatu kwa madhara aliyomletea mama. Ngazi ya kwanza ikisimama peke yake, pasta anabaki na sehemu ya mama katika nyumba yenye wamiliki wengine 8 wasiomtaka, na hapo mazungumzo ya maelewano huwa mepesi zaidi. Hukumu ikitoka, rufaa ni siku 30 tangu ijulishwe rasmi. Pingamizi kwa konservatere lisiondolewe hadi zipite.